KASSIM OUMA: KADOGO ALIYEGEUKA BINGWA WA DUNIA

Tarehe 2 Oktoba, 2004, katika mji wa Las Vegas, Marekani, mwamuzi aliuinua juu mkono wa kijana mmoja wa Uganda baada ya raundi 12 za ngumi kali. Kijana huyo, Kassim Ouma, alikuwa amemshinda Verno Phillips kwa pointi, na tangu saa ile akawa bingwa wa dunia wa uzito wa kati mwepesi, ambao kikomo chake ni ratili 154, kwa kutambuliwa na Shirikisho la Kimataifa la Ngumi, IBF. Watazamaji walishangilia kama watazamaji wa ngumi washangiliavyo siku zote. Lakini mkono ule ulioinuliwa ulikuwa na historia ambayo wengi wa waliokuwamo ukumbini hawakuijua. Kabla haujavaa glavu, ulikwisha kushika bunduki. Nao uliishika bunduki kabla ya kujua kushika kalamu sawasawa.

Habari za bondia huyu zinawafaa wapenzi wote wa michezo. Hata hivyo, zinawafaa zaidi askari na polisi, na hasa wale ambao kazi yao imewapeleka, au huenda ikawapeleka siku moja, katika pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kwenye rasi ya Afungi na vijiji vinavyoizunguka.

KWA NINI AFUNGI

Rasi ya Afungi iko wilaya ya Palma, katika jimbo la Cabo Delgado, si mbali na mto Ruvuma na mpaka wa Tanzania. Dunia imeijua kwa sababu ya gesi asilia iliyogunduliwa chini ya bahari, na kwa sababu ya mitambo mikubwa iliyokusudiwa kujengwa pale ili gesi hiyo igeuzwe kuwa kimiminika na kupakiwa melini. Lakini wenyeji wa pwani ile, wasemao Kimwani, Kimakonde, Kimakua na Kiswahili, wameijua miaka ya karibuni kwa sababu nyingine. Vita vilianza katika jimbo hilo tarehe 5 Oktoba, 2017, kwa mashambulizi juu ya vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Tarehe 24 Machi, 2021 washambuliaji waliuvamia mji wa Palma wenyewe, na maelfu ya watu wakakimbilia Afungi kutafuta usalama. Mwezi wa Julai mwaka huo huo askari na polisi wa Rwanda waliwasili kuwasaidia wenzao wa Msumbiji, na majeshi ya nchi za Kusini mwa Afrika, Tanzania ikiwa miongoni mwao, nayo yakaingia jimboni hadi ujumbe wao ulipomaliza muda wake mwaka 2024.

Katika vita hivyo wamo watoto. Mwezi Septemba, 2021 shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilieleza kwamba wavulana waliotekwa vijijini walikuwa wakifunzwa silaha na kupelekwa vitani dhidi ya majeshi ya serikali. Kwa hiyo askari alindaye njia ya kwenda Palma, au polisi akaguaye watu wanaotoka porini, huenda siku moja akakutana uso kwa uso na mtoto mwenye bunduki. Hapo atalazimika kuamua upesi: huyu ni nani? Maisha ya Kassim Ouma yanasaidia kulijibu swali hilo.

MTOTO KATIKA SARE

Kassim Ouma alizaliwa Uganda mwezi Desemba, 1978, wakati utawala wa Idi Amin ulipokuwa unaelekea ukingoni. Amin aliondolewa Aprili, 1979, lakini amani haikuja. Februari, 1981 kikundi cha wapiganaji wakiongozwa na Yoweri Museveni kiliishambulia kambi ya Kabamba, na vita vya msituni vikaanza, hasa katika eneo la Luwero, kaskazini ya Kampala. Jeshi la msituni la NRA liliingia Kampala na kutwaa serikali Januari, 1986.

Katika safu za jeshi lile walikuwamo watoto. Wengine walikuwa yatima wa Luwero waliofuata wapiganaji kwa kuwa hawakuwa na mtu mwingine wa kumfuata, wengine walichukuliwa. Kambini waliitwa “kadogo”, neno la Kiswahili cha jeshini, kwa maana Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya askari wa Uganda tangu zama za King's African Rifles. Neno hilo halikuishia Uganda. Mwaka 1996 na 1997, majeshi ya Laurent Kabila yalipovuka Zaire kutoka mashariki hadi Kinshasa, watoto waliobeba bunduki zilizokaribia kuwazidi kimo nao waliitwa kadogo.

Kwa maelezo yake mwenyewe, Ouma alitwaliwa shuleni alipokuwa na umri wa miaka sita hivi, pamoja na wenzake wa bweni moja. Alifunzwa silaha, akatiwa hofu, akalazimishwa kutenda na kushuhudia mambo ambayo mtu mzima hawezi kuyasimulia bila kuinamisha kichwa. Wenzake wengine walikufa. Yeye aliishi, akakulia jeshini, na jeshi likawa ndiyo nyumba yake ya pekee, kwa kuwa mtoto aliyelelewa kambini hajui njia ya kurudi kijijini.

GLAVU MAHALI PA BUNDUKI

Mlango uliomtoa Ouma katika maisha hayo ulikuwa mchezo wa ngumi, na mlango huo ulikuwa ndani ya jeshi lenyewe. Uganda ni nchi ya mabondia. Katika Michezo ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Eridadi Mukwanga alipata nishani ya fedha na Leo Rwabwogo ya shaba. Rwabwogo akaongeza ya fedha mjini Munich mwaka 1972. Ayub Kalule alishinda ubingwa wa dunia wa ridhaa mjini Havana mwaka 1974, na mwaka 1979 akautwaa ule wa kulipwa huko Japani. Cornelius Boza-Edwards, mzaliwa wa Kampala, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1981. John Mugabi, aliyeleta nishani ya fedha kutoka Moscow mwaka 1980, alifuata mwaka 1989. Na klabu za jeshi, polisi na magereza zilikuwa chuo cha mabondia wengi wa nchi hiyo, kwa sababu chakula kilipatikana, nidhamu ilikuwapo, na muda wa mazoezi uliheshimiwa.

Kijana Ouma aliingia katika timu ya jeshi. Alipigana kwa mkono wa kushoto, kwa kasi, bila kupumzika, akirusha ngumi nyingi mfululizo kuliko wapinzani wake walivyoweza kuzihesabu. Hakuwa na ngumi moja nzito ya kumlaza mtu. Silaha yake ilikuwa pumzi. Mtu aliyezoea kutembea usiku kucha na mzigo mgongoni hachoki upesi ulingoni.

Mwaka 1998 alikwenda Marekani na timu ya jeshi. Hakurudi. Alikaa huko bila fedha, bila jamaa na bila lugha ya kumtosha, akaanza kujitafutia riziki kwa ngumi za kulipwa.

SUALA LA UTORO

Hapa msomaji aliye askari atatulia na kukunja uso. Kuondoka jeshini bila ruhusa ni utoro, na utoro ni kosa katika kila jeshi duniani. Hatuwezi kulipamba kosa kwa sababu mkosaji amekuwa mashuhuri. Uganda nayo ilimhesabu Ouma kuwa mtoro, na kwa miaka mingi hakuweza kukanyaga ardhi ya nyumbani. Yeye amesimulia kwamba baba yake aliuawa baada ya yeye kutoroka, na kwamba huzuni hiyo hakupata kuitua popote.

Hata hivyo yafaa tujiulize jambo moja. Nguvu ya sheria ya jeshi hutoka katika kiapo. Mtu mzima husimama mbele ya bendera, akatamka maneno kwa kinywa chake, akijua anachokitamka. Tangu siku hiyo maisha yake si yake peke yake, na akikimbia amewavunjia wenzake imani. Je, mtoto wa miaka sita aliapa nini? Alitamka nini, na mbele ya nani? Aliyechukuliwa bwenini kama kuku atolewavyo tunduni hakuingia jeshini. Jeshi ndilo lililomwingia yeye. Tofauti ya askari na mtoto mwenye bunduki haiko katika bunduki, kwa maana bunduki ni ile ile. Iko katika kiapo.

NJIA YA UBINGWA

Katika ulingo wa Marekani Ouma alipanda ngazi kwa ngazi. Alijulikana kwa jina la “The Dream”, yaani Ndoto. Alikuwa mcheshi, mpenda kucheza ngoma na kuimba, na wengi waliomwona akicheka hawakudhani kwamba usiku usingizi wake haukuwa wa raha.

Desemba, 2002, alipokuwa anakaribia kupata nafasi ya kuwania ubingwa, alipigwa risasi tumboni huko Florida. Kijana aliyeponea risasi za vita vya Uganda akajikuta amelala hospitalini katika nchi ya amani. Wengi walidhani kazi yake imekwisha. Mwaka 2003 alikuwa amerudi ulingoni.

Oktoba, 2004 alimshinda Phillips, kama tulivyoeleza. Januari, 2005 aliutetea ubingwa wake mbele ya Kofi Jantuah wa Ghana, akashinda kwa pointi. Pambano lile liliwafurahisha wapenzi wa ngumi wa Afrika, kwa kuwa Waafrika wawili walisimama mbele ya dunia wakigombea taji kubwa.

Lakini taji halikukaa sana. Tarehe 14 Julai, 2005 Mrusi Roman Karmazin alimwangusha mara mbili katika raundi ya tatu, na mwisho wa raundi 12 akatangazwa mshindi. Ouma hakukata tamaa. Mwaka 2006 alimshinda Marco Antonio Rubio wa Mexico, kisha Sechew Powell wa Marekani, na tarehe 9 Desemba mwaka huo akapanda uzito wa kati kumkabili bingwa Jermain Taylor huko Arkansas, nyumbani kwa Taylor. Alikuwa mdogo kuliko mwenzake kwa umbo na urefu. Alisimama raundi zote 12, akashindwa kwa pointi.

Baada ya hapo umri na majeraha vilianza kudai haki yao. Ushindi ulipungua. Juni, 2011, mjini Panama, alipambana na Gennady Golovkin wa Kazakhstan, bondia ambaye miaka iliyofuata alihofiwa na uzito mzima wa kati. Ouma alimhimili mpaka raundi ya kumi, ndipo pambano likasimamishwa. Ni wachache wakati ule waliofika mbali hivyo mbele ya Golovkin.

KURUDI NYUMBANI

Jambo kubwa zaidi katika maisha ya Ouma halikutokea ulingoni. Baada ya kupata ubingwa aliomba ruhusa ya kurudi Uganda, na jeshi alilolikimbia likamsamehe. Safari yake ilionyeshwa katika filamu ya habari iitwayo “Kassim the Dream”, iliyotoka mwaka 2008, kazi ya Mmarekani Kief Davidson. Katika filamu hiyo bingwa wa dunia anaonekana akilia kama mtoto kwenye kaburi la baba yake.

Tuzingatie ni nani aliyetoa msamaha. Jeshi halikudhoofika kwa kumsamehe kadogo wake wa zamani. Lilionyesha kwamba lina nguvu ya kutosha kutazama nyuma bila kuogopa.

WATOTO WAWILI WA NCHI MOJA

Katika miaka ya 1980 hiyo hiyo, kaskazini ya Uganda, mtoto mwingine alitekwa akiwa njiani kwenda shule. Jina lake ni Dominic Ongwen, na waliomteka ni waasi wa Lord's Resistance Army wa Joseph Kony. Naye alifunzwa kuua. Lakini yeye hakupata mlango wa kutokea. Alibaki msituni, akapanda cheo hadi kuwa kamanda, akawateka watoto wengine kama alivyotekwa yeye. Februari, 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia hatiani kwa makosa mengi ya kivita na dhidi ya ubinadamu, na Mei mwaka huo akahukumiwa kifungo cha miaka 25. Mahakimu walisema wazi kwamba waliufikiria utoto wake walipopima adhabu, lakini hawakukubali kwamba utoto ule unafuta makosa aliyoyatenda akiwa mtu mzima.

Mmoja aliishia na mkanda wa ubingwa, mwingine gerezani. Hatusemi kwamba mmoja alizaliwa mwema na mwingine mwovu. Hatusemi pia kwamba mtu mzima hana hiari. Tunachosema ni kwamba mtoto aliyetekwa hufika njia panda, na kwenye njia panda hiyo mara nyingi husimama mtu mwenye sare. Anachofanya mtu huyo ndicho kinachoamua njia ipi itabaki wazi.

SHERIA INASEMAJE

Sheria za mataifa katika jambo hili si fumbo. Mkataba wa Roma ulioanzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai unahesabu kuwa kosa la kivita kumwandikisha au kumtumia vitani mtoto aliye chini ya miaka 15. Mtu wa kwanza kuhukumiwa na mahakama hiyo, Thomas Lubanga wa Ituri, Kongo ya mashariki, alitiwa hatiani mwaka 2012 kwa kosa hilo hasa, akapewa miaka 14. Itifaki ya Umoja wa Mataifa iliyopitishwa mwaka 2000 na kuanza kutumika mwaka 2002 inavikataza vikundi vyenye silaha visivyo majeshi ya serikali kumwandikisha yeyote aliye chini ya miaka 18. Na Kanuni za Paris za mwaka 2007 zinaelekeza kwamba mtoto aliyetumiwa vitani atazamwe kwanza kuwa mtu aliyedhulumiwa, si mhalifu tu.

Kwa lugha ya kambini maana yake ni hii. Mtoto akielekeza silaha, askari anayo haki ya kujilinda yeye na wenzake. Risasi haiulizi umri wa aliyeifyatua, na hakuna sheria inayomtaka askari afe kwa aibu ya kujitetea. Lakini mtoto akishatua silaha, au akishanyang'anywa, vita naye vimekwisha. Anyang'anywe silaha, apewe maji, atibiwe, atengwe na wafungwa watu wazima, aandikwe jina na kijiji chake, kisha akabidhiwe upesi kwa wahusika wa ustawi wa watoto. Asipigwe. Asipigwe picha za kuonyeshwa. Asirudishwe porini kuwa mwonyesha njia, kwa maana hapo tutakuwa tumemtumia vitani kama walivyomtumia wale tunaowalaani.

USHAHIDI WA MSUMBIJI YENYEWE

Wako watakaosema kwamba mtoto aliyekwisha kuua ameharibika, na kwamba huruma juu yake ni hasara. Msumbiji ina jibu lake katika historia yake. Katika vita vilivyomalizika kwa mapatano ya Roma ya tarehe 4 Oktoba, 1992, maelfu ya watoto walitumiwa kama askari. Mwaka 1988 kundi la wavulana waliotoka mikononi mwa Renamo lilipelekwa katika kituo cha Lhanguene mjini Maputo. Walifika wakiwa wakali, wakiogopa kila mtu na kumwogopesha kila mtu. Wakapewa utaratibu wa siku, masomo, mpira wa kucheza, na watu wazima wasiowapiga. Kisha wakarudishwa kwa jamaa zao, ambako wazee waliwafanyia mila za kuwatakasa na kuwapokea.

Wataalamu waliwafuatilia 39 kati yao kwa muda wa miaka 16. Walio wengi walikuwa wameoa, wanalea watoto wao, wanalima au kufanya kazi, na majirani wanawaamini. Si wote waliopona. Ndoto mbaya ziliendelea kuwasumbua wengi, na waliokaa muda mrefu zaidi vitani ndio waliopata taabu zaidi. Hapo pana fundisho la kijeshi kabisa: kila mwezi ambao mtoto anatolewa mapema ni faida, na kila mwezi anaocheleweshwa ni deni litakalolipwa na nchi.

NENO LA MWISHO KWA WALINZI

Ni kweli kwamba si kila mtoto atokaye katika pori la Cabo Delgado atakuwa bingwa wa dunia. Msumbiji inao mabondia wake: mwaka 2022, mjini Istanbul, Alcinda Panguane na Rady Gramane walirudi na nishani za fedha na shaba kutoka mashindano ya ubingwa wa dunia wa wanawake, wala hakuna aliyewafundisha kwa bunduki. Ubingwa ni wa wachache. Ila kuwa fundi seremala, mvuvi wa Palma, baba wa watoto, au jirani asiyeogopwa, hayo yanawezekana kwa wengi, na Lhanguene ni shahidi.

Hapo zamani wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Waliomteka Kassim Ouma waliijua methali hiyo na kuitumia kwa ubaya. Askari na polisi wanaosimama zamu Afungi, katika joto, vumbi na mvua za kusi na kaskazi, wanaweza kuitumia kwa wema, kwa kuwa samaki aliyekunjwa vibaya, akiwahiwa kabla hajakauka, bado hukunjuka. Wao wameapa, yeye hakuapa. Mwenye kiapo ndiye mwenye wajibu.